Boti Isiyo na Mkuku

Mume wangu alikuwa mtu wa ziwani, mimi ni mtu wa mtoni. Kwa miaka mingi jambo hilo halikutuletea ubishi wowote, kwa sababu Mashimoni, kule Kibera, tulikokuwa tumepanga hakukuwa na ziwa wala mto. Kulikuwa na mitaro, na foleni ya madebe pale mferejini. Ubishi ulikuja na boti.

Nilisoma mpaka darasa la pili, kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha redio anisamehe. Majina ya wote waliokuwepo ninayo kichwani, mpaka la mbwa wa mwenye ploti, lakini nimeamua yabaki huko huko. Wengine wana wajukuu ambao hawajui kwamba babu yao aliwahi kucheka boti akakosea.

Kibanda chetu cha kazi kilikuwa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta. Kila asubuhi tulitoka Kibera kwa miguu, tukapita Ayany, tukavuka barabara ya Ngong, mimi nimebeba mahindi na maharagwe, yeye amebeba randa yake kwa kuwa hakuwa tayari kuiacha ilale mahali ambapo yeye halali. Ndani ya kile kibanda cha mabati mume wangu alitengeneza vitanda. Mwenzake, mtu wa kwetu Magharibi, alitengeneza majeneza. Kwa sababu alitoka karibu na kwetu aliniita dada, na mume wangu akamwita shemeji, na kwa huo ushemeji yule wa majeneza akajipa ruhusa ya kumtania kutwa nzima. Mimi nilikaa nje na pipa langu, nikichemsha yale mahindi na maharagwe kuwa githeri ya kuuza. Mwenye ploti alikuwa mama mzee ambaye sote tulimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, mkali kama pilipili, lakini githeri yangu aliipenda.

Mzungu alikuja siku moja na Land Rover iliyojaa vumbi la Ukambani, ambako alikuwa anachimba visima. Aliuliza kama kuna fundi hapa aliyetoka ziwani na anayejua boti. Vidole vyote vikamwelekea mume wangu. Mzungu akatoa picha moja na karatasi aliyoichora mwenyewe. Boti yenyewe sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Ilikuwa imeinuka mbele na nyuma, kama ndizi uliyoilaza mgongo ukiwa chini, mbavu zake zimefunguka kwa nje, na tumboni ni bapa. Alisema kwamba huko alikokaa zamani watu huteremkia mito yenye mawe na boti kama hiyo. Anayepiga makasia huketi akitazama anakokwenda, anavuta makasia kinyume na maji ili kuipunguza mbio, na mto wenyewe ndio unaoibeba. Alitaka ya mbao, ya kutengenezwa kwa mkono, ya kuteremkia mto Tana kule juu ambako bado una hasira. Angerudi kuichukua mvua zikipungua.

Nikuambie mume wangu alivyokuwa siku hiyo. Baba yake alijenga boti, na babu yake, na wajomba zake. Yeye aliingia Nairobi kijana, na Nairobi haikumwomba boti hata siku moja, ilimwomba kitanda cha futi nne na kingine cha futi nne. Siku hiyo alikula githeri amesimama. Aliishika ile picha kwa ncha za vidole kama picha ya harusi.

"Shemeji," akasema fundi wa majeneza, "boti Kawangware? Utaiogelesha wapi, kwa hii matope ya Cucu?"

"Matope gani?" Cucu akaitikia kutoka kwake. "Hii ploti yangu haina matope. Ni nyinyi mnamwaga maji ovyo ovyo."

Kazi ikaanza. Mbavu alizikata kwa mvule, na mbao za ubavuni akazichagua moja moja, akizigonga na kusikiliza kama mtu anayenunua nazi. Kazi ngumu ilikuwa kuzipinda. Ubao mkavu ukiulazimisha unapasuka, kwa hiyo kwao waliulainisha kwa maji ya moto. Hapo ndipo mimi na pipa langu tulipoingia. Watu wakimaliza kula, nilisugua pipa, nikajaza maji, nikakoka moto, kisha nikauvika ubao magunia na kumwagia maji ya kuchemka kopo kwa kopo, huku yeye akivuta kamba pole pole upande wa pili. Ukisikia ubao umelia, unaacha. Ukinyamaza, unavuta tena. Tulifanya hivyo ubao baada ya ubao, na mikono yangu ikajua boti ile kuliko nilivyojua kitanda changu mwenyewe.

Kisha akafikia kazi ya tumbo la boti, akaanza kucheka peke yake.

"Mama watoto, njoo uone. Mzungu amesahau mkuku."

Mkuku ni ule mti mmoja mrefu unaopita chini ya tumbo la boti, katikati, kama uti wa mgongo uliotokeza nje. Kwa watu wa ziwani boti bila huo si boti. Upepo ukija wa ubavu, mkuku ndio unaoishikilia boti isisukumwe kando. Mume wangu aligeuza ile karatasi juu chini, akaitazama na kwa nyuma. Hakuna mkuku.

"Hakusahau," nikamwambia. "Ndivyo anavyotaka. Boti ya mto haina mkuku."

"Nani amekuambia?"

"Baba yangu."

Baba yangu alikuwa mvushaji pale kivukoni, mto Nzoia. Alivusha watu, mbuzi na wagonjwa kwa mtumbwi wa gogo, na chini ya ule mtumbwi alikuwa ameparua pakawa laini kama kiganja. Mimi nilishika upondo wa kusukumia mtumbwi nikiwa msichana mdogo. Nilijua kwamba mto hauendi kama ziwa. Mto unakusukuma juu ya jiwe, na ukifika juu ya jiwe lazima boti iteleze na kuzunguka. Ikiwa na kitu kimetokeza chini, kinashika. Kikishika, boti inasimama lakini maji hayasimami. Yanapanda ubavuni na kuingia ndani.

Hayo yote nilimweleza. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema, "Ule ulikuwa mtumbwi. Hii ni boti. Unataka nimtoe binti yangu kwenda kuolewa bila uti wa mgongo? Baba yangu akisikia atanikana."

Akachagua gogo la mvule lililonyooka, akalichonga kwa tezo, akalipigilia misumari ya shaba. Nasema kweli, mkuku ule ulikuwa mzuri. Aliuweka kwa wema kabisa, kama mtu anayemwongezea mteja kitu ambacho mteja hakujua kuomba.

Sasa, kwao kulikuwa na desturi. Boti mpya haikabidhiwi mwenyewe mpaka fundi aliyeijenga awe ameketi ndani yake, juu ya maji yale yale itakayotembea. Kama ni ya kuzama, izame na aliyeitengeneza. Mume wangu alikuwa amemwambia mzungu tangu siku ya kwanza kwamba atateremka naye. Na mume wangu hakujua kuogelea. Usishangae, wengi wa ziwani hawakujua. Kwao kuogelea kulionekana kama kujiombea kuzama. Kwa hiyo mimi nilipotazama mkuku ule sikuona uti wa mgongo wa binti. Nilimwona baba wa watoto wangu ndani ya maji ya Tana, na suruali yake nzito.

Nilimwambia tena asubuhi njiani. Nikamwambia na jioni. Akachoka.

"Sawa. Twende kwa maji, maji yaseme."

Lakini maji aliyoyachagua yalikuwa Nairobi Dam, pale chini ya Kibera. Boti ikapandishwa mkokoteni, ikasukumwa kutoka Kawangware, watu wakiiandama kama maandamano. "Nuhu huyo!" walipiga kelele pale Ayany. "Mzee, tubebe, mvua imekaribia!" Mume wangu alitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika, akaketi ndani, akapiga makasia, na boti ikakata maji imenyooka kama mstari wa rula. Ikaenda ng'ambo, ikarudi. Watu wakashangilia. Fundi wa majeneza akavua kofia.

Mume wangu akatoka, akaniangalia. "Umeona?"

"Nimeona," nikasema. "Maji haya yamelala. Hata mimi nikikaa kwa sufuria nitafika ng'ambo."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Njia nzima ya kurudi aliusukuma mkokoteni mwenyewe. Na wale waliotuona siku ile wakaona mambo yamekwisha, mwanamke ameshindwa. Mimi sikujiona nimeshindwa. Nilijua ninachojua. Kilichonisumbua ni kwamba mvua zilikuwa zinakwenda kuisha, mzungu angerudi, na mtu huyu angeketi ndani ya boti ile kwa fahari ya ukoo wake, mawe yenyewe hajawahi kuyaona.

Mvua za mwisho zilikuja kubwa. Mto mdogo wa bonde la Riruta, chini ya kibanda chetu, ambao siku za kawaida mtu anauruka akiwa amebeba mtoto, ulijaa ukawa rangi ya chai ya maziwa, ukapiga kelele. Nikafunika githeri yangu. Nikachukua vipande viwili vya ubao vilivyobaki, vya urefu mmoja. Kimoja nikakiacha bapa. Kingine nikachukua nyundo, nikakipigilia ufito chini, katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Dada, hiyo ni nini?" fundi wa majeneza akauliza.

"Ni ubishi," nikamwambia. "Mwambie shemeji yako aje mtoni. Asipokuja, mwambie githeri leo haiuzwi kwa watu wa ziwani."

Alikuja. Cucu pia alikuja, na mwavuli wake, akisema kwamba watu wazima tumeshikwa na wazimu kwa ploti yake. Palikuwa na mahali mto ulipita katikati ya mawe, maji yakivimba juu ya jiwe moja bapa. Nikaachilia ubao bapa kwanza. Ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe, ukapanda, ukazunguka mara moja kama mtu anayecheza ngoma, ukateleza ukaenda zake.

Nikaachilia wa pili. Ukaenda vizuri kuliko wa kwanza, umenyooka kabisa, na mume wangu akaanza kutabasamu. Ukafika kwenye jiwe. Ufito ukashika. Ubao ukasimama, mto ukaugeuza ubavu, maji yakaupanda, ukapinduka, na ukabaki pale pale umepinduka, ukitetemeka, umeng'ang'ania jiwe.

Kisha Cucu akasema, "Wee. Huyo amekufa."

"Ubao si boti," mume wangu akasema.

"Kweli si boti," nikamjibu. "Ubao hauna mke."

Fundi wa majeneza alifungua mdomo aseme neno lake, nikamtazama, akaufunga. Namshukuru mpaka leo. Nilimjua mume wangu. Ukimcheka mbele za watu angeuacha mkuku pale kwa hasira tu, kisha afe nao. Nikasema kwamba githeri itaungua, nikapanda kilima, na wengine wakanifuata. Yeye alibaki. Nilipogeuka nilimwona amechuchumaa kando ya maji, anautazama ule ubao uliokwama. Aliutazama muda mrefu. Akauvua kwa fimbo, akaupeleka juu, akauachilia tena. Ukakwama tena.

Asubuhi yake alibeba randa yake kama kawaida. Tulipofika kibandani alivua koti, akaipindua boti kwa msaada wa mwenzake, akachukua patasi na nyundo, akaanza kung'oa misumari ya shaba mmoja mmoja. Kila msumari aliunyoosha na kuuweka kwenye kopo. Mkuku ulipotoka mzima aliushika kifuani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akauweka juu, kwenye boriti za paa, na hakuwahi kuuuza wala kuukata. Kisha akaniita bila kunitazama.

"Mama watoto. Chemsha lami."

Nilichemsha. Tuliziba matundu ya misumari kwa vijiti vya mvule, tukakandamiza pamba kwenye maungio, tukajaza lami humo humo tu. Alipiga randa tumbo la boti mpaka likawa laini. Halafu akanishika mkono, akaupitisha pale chini, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Kama ya baba yako?" akauliza.

"Karibu," nikasema. "Hapa piga tena kidogo."

Akapiga tena.

Mzungu aliporudi aliikuta boti imeinuliwa juu ya magogo, akaizunguka. Akalala chini kwa mgongo, pale kwenye vumbi la Kawangware, akatazama tumbo lake. Akaona ule mstari wa vidoa vya vijiti, vimepangwa sawasawa katikati.

"Matundu haya yalikuwa ya nini?" akauliza.

Mume wangu hakusita. "Hiyo ni sahihi ya mke wangu."

Mzungu alinitazama, akamtazama, akacheka. Sidhani alielewa. Akasema kwamba kwa kuwa nimetia sahihi, na mimi niende Tana.

Tulikwenda. Boti ilifungwa juu ya trela, mume wangu akakaa nayo huko nyuma njia nzima, akapigwa na vumbi mpaka akawa mtu wa rangi nyingine. Mto Tana pale juu nilipouona, roho yangu ilishtuka. Ulikuwa mpana kuliko Nzoia ya kwetu, na pale tulipotazama ulikuwa na mawe meusi, na kati ya mawe maji yalikuwa meupe yakiunguruma kama kinu cha kusagia unga. Nilikuwa na uhakika na tumbo la boti. Mto wenyewe sikuwa nimeujua. Hivyo ni vitu viwili.

Mume wangu aliingia kwanza, kama desturi ya kwao. Hakunitazama. Alikaa kwenye ubao wa mbele, akashika kingo zote mbili. Mzungu akakaa katikati na makasia, akaangalia kule mto unakoteremkia. Dereva wa Land Rover akaisukuma boti majini.

Mimi nilikimbia kando ya mto juu ya mawe, na kanga yangu nimeikunja. Niliona wakipita kwenye jiwe la kwanza wakiliacha kando. Kisha maji yakawavuta. Mzungu alirudisha makasia nyuma kwa nguvu, lakini mto ulishaamua, ukawapeleka juu ya jiwe la pili. Boti ikapanda. Niliona tumbo lake lote, na mistari yake ya lami, likitokeza kwenye maji. Nikaita jina la mume wangu, lile la utotoni ambalo mama yake pekee ndiye aliyekuwa akilitumia. Boti ikasimama pale juu kwa muda ambao mtu anaweza kumeza mate. Kisha ikazunguka. Pole pole, mbele ikawa nyuma, mume wangu akawa ananitazama mimi uso kwa uso, macho yamemtoka. Ikateleza kutoka juu ya jiwe kinyumenyume, ikaingia kwenye maji yaliyotulia, ikanyooka.

Walifikia ufukoni mbele kidogo. Nilipowafikia mume wangu alikuwa ameshatoka, ameketi kwenye mchanga. Nikapiga magoti, nikaanza kumsugua magoti yake kwa mikono miwili, kama unavyomsugua mtoto aliyelowa mvua. Alikuwa anatetemeka na huku anacheka.

"Lile jiwe," akasema. "Nimelisikia chini yangu. Limetupapasa. Linatafuta mahali pa kushika."

"Na halikupata."

"Halikupata." Akapangusa uso. "Min nyithindo," akaniita hivyo, yaani mama watoto kwa lugha ya kwao, na huko mjini hakuwa akiniita hivyo ila siku za mtoto kuzaliwa. "Lingetushika. Ningekuwa huko."

Akaonyesha maji meupe kwa kidevu. Nilikuwa bado namsugua.

Mzungu alisema kwamba kuna kipande kingine cha chini, kirefu, chenye mawe zaidi, na kwamba fundi ameshatimiza desturi yake, anaweza kurudi na gari. Mimi nilikuwa tayari nimeshashika mkono wa mume wangu nimwinue tuondoke. Akainuka. Akajikung'uta mchanga. Akaenda mpaka kwenye boti, akainama, akapapasa tumbo lake pale jiwe lilipopita. Palikuwa na mkwaruzo mmoja, si zaidi. Akapanda. Safari hii hakukaa mbele. Alimwonyesha mzungu ubao wa mbele, na yeye akakaa katikati, kwenye makasia.

"Nionyeshe tu pa kuvuta," akamwambia.

Sikutaka kuwatazama wakiondoka. Nilipanda kwenye Land Rover, dereva akanipeleka mpaka kivuko cha chini tulikokubaliana kukutana. Nilikusanya kuni, nikainjika sufuria, nikachemsha chai. Dereva aliniuliza kama siogopi. Nikamwambia amwage majani zaidi, chai hii ni ya watu wanne.

Chai ilikuwa imeiva nilipowasikia kabla sijawaona. Mume wangu alikuwa anaimba, ule wimbo wa watu wa kwao wanaovuta boti kuitoa majini, na anauimba vibaya kwa sababu pumzi hakuwa nayo. Kisha boti ikatokea kwenye kona, ikizunguka mara moja juu ya maji yaliyovimba, ikanyooka, ikaja.